Uzi: Kibanda cha michopo kinaombwa jina Likasi, Kolwezi na Ndola. Fransizi, matawi, au kuuza viungo tu?

#1 Mbabula_Katuba
Wandugu, jambo. Biashara ya michopo ya mbuzi (nyama ya kuchoma) ina vibanda 3 hapa Lubumbashi: Katuba, Kenya na Kampemba. Jina limeshika. Sasa kuna maombi 3. Mtu wa Likasi anataka kufungua kwa jina hilohilo na kwa pesa yake. Wa Kolwezi vilevile. Wa tatu ni Mkongo anayeishi Ndola, upande wa Zambia. Wote wanasema neno moja: "Nipe jina, nipe na ile dawa ya nyama, nitakulipa kila mwezi."

Pesa ya kufungua matawi yetu wenyewe haitoshi. Fransizi, yaani kumpa mtu jina na mbinu zako kwa malipo, inawezekana kwa biashara ya ukubwa huu? Asilimia ngapi? Na huko Ndola, viungo vinavuka Kasumbalesa kwa njia gani ya halali? Anayejua aseme kwa hesabu.

#2 Kampemba_Compta
Inawezekana. Ila kabla ya asilimia, jiulize utahesabu nini. Michopo inalipwa taslimu, franka na dola kwenye mfuko mmoja, risiti hakuna. Ukidai 5% ya mauzo, mtu wa Likasi atakutajia mauzo anayotaka yeye, nawe huna pa kushika.

Tuchukue mfano, bei mtabadili wenyewe. Kibanda kinauza sahani 60 kwa siku, FC 12,000 kila moja. Hiyo ni FC 720,000, na 5% yake ni FC 36,000. Sahani ina gramu 250 za nyama iliyoiva, kwa hiyo sahani 60 ni kilo 15. Mbuzi mwenye mifupa akichomwa hubaki na kama 68% ya uzito wake mbichi, maana yake kilo 15 zimetoka kwenye kilo 22. Fungasha viungo kwenye sashe, sashe 1 kwa kilo 1 ya nyama mbichi: sashe 22 kwa siku. Ukiweka faida ya FC 1,650 juu ya kila sashe, unapata FC 36,300. Mrabaha (malipo ya jina) ni uleule, lakini umeuhesabu kwenye depo yako, siyo kwenye daftari lake.

#3 Mzee_wa_Ruashi
Alichosema Compta hapo juu kina historia. Harland Sanders wa KFC alianza hivyo mwaka 1952 na Pete Harman, mwenye mgahawa kule Salt Lake City. Alidai senti chache kwa kila kuku, na mchanganyiko wa viungo ulitoka kwake. Siri haikuandikwa kwenye kontra, ilifungwa kwenye pakiti.

Ray Kroc wa McDonald's alipita njia nyingine. Alipoanza mwaka 1955 alidai ada ya kuingia dola 950 na 1.9% ya mauzo, na ndani ya hiyo 1.9, sehemu ya 0.5 iliwaendea ndugu wawili wenye jina. Kilichobaki hakikutosha kuendesha ofisi. Mwaka 1956 Harry Sonneborn, mtu wake wa fedha, akaleta wazo la kampuni ya kushika viwanja na majengo, kisha kuwapangisha wenye leseni. Kampuni ilisimama kwa kodi ya nyumba.

Kwa hiyo kijana, kabla ya kuongea na mtu wa Likasi chagua unachouza: jina, viungo, au mahali. Mimi ningechukua mahali.

#4 Dada_BelAir
Compta, hesabu yako ya sashe ni nzuri mwezi wa kwanza tu. Mwezi wa 3 atanunua sashe 11 badala ya 22, atajazia na viungo vya soko la Kenya, na wateja watasema michopo ya jina hili imeharibika. Utapoteza mrabaha nusu na jina zima. Utamkamata vipi?

#5 Fundi_Viungo
Dada, unamkamata kwa chumvi. Weka chumvi yote ya nyama ndani ya sashe, gramu 14 kwa kilo 1. Akitumia nusu sashe, nyama inakuwa maji mdomoni na mteja analalamika siku hiyohiyo. Akiongeza chumvi yake, uwiano wa chumvi na pilipili unabadilika na mkaguzi wako akionja atajua.

La pili, usimpe sashe kwa ombi lake. Mpe kwa mzigo wa wiki unaolingana na nyama. Mbuzi aliyepita machinjioni ana mhuri wa daktari wa mifugo na karatasi ya uzito. Dai picha ya karatasi hizo kila Jumatatu. Kilo za nyama zikipanda huku sashe zikibaki palepale, jibu unalo bila kufunga safari.

#6 Kipushi_Kiwanda
Fundi, ya chumvi inafaa, ila ina gharama uliyoiruka. Chumvi inavuta maji kutoka hewani. Hapa Lubumbashi kuanzia mwezi wa 11 hadi wa 4 hewa imelowa, na sashe ya plastiki nyembamba itakuwa jiwe kabla ya wiki 3. Yanayotakiwa:

Kausha viungo hadi unyevu ushuke chini ya 10%. Kama huna kipimo, pima gramu 100 kwa mizani ya gramu, zitie kwenye oveni ya nyuzi 105 hadi uzito uache kushuka, halafu pima tena. Zikibaki 92, unyevu ulikuwa 8%. Oveni hii inatoa na mafuta ya viungo, kwa hiyo namba inasoma juu kidogo. Kwa kazi hii inatosha.

Tumia sashe yenye tabaka la alumini, siyo ile ya kuona ndani. Mwanga unaua rangi ya pilipili, na hewa inaua kitunguu saumu.

Ziba kwa mashine ya joto yenye mshono wa milimita 8 au zaidi, kisha jaribu: tumbukiza sashe 5 kwenye maji, bonyeza. Sashe inayotoa povu inarudi kwenye mashine pamoja na kundi lake lote. Mara nyingi kosa ni unga ulioganda kwenye mdomo wa sashe, ndiyo maana mshono unaonekana umeshika na haujashika.

Na jambo ambalo halionekani kwa macho: pilipili iliyokaushwa chini kwenye udongo inapata ukungu, na ukungu unaleta sumu inayoitwa aflatoksini. Kwenye soko la Ulaya kikomo cha viungo kama pilipili ni mikrogramu 5 kwa kilo kwa aflatoksini B1 na 10 kwa jumla. Hata kama unaishia Ndola tu, kausha juu ya chanja, nusu mita kutoka ardhini. Ni afya ya watu.

#7 Kamalondo_Droit
Tuongee karatasi, maana watu wanakimbilia sashe wakati jina lenyewe haliko mikononi mwao.

OHADA, umoja wa nchi za Afrika wenye sheria za pamoja za biashara, haina sheria yake ya fransizi. Kongo iko OHADA tangu tarehe 12 Septemba 2012, lakini hutakuta sura ya fransizi kwenye Acte uniforme (sheria yao ya pamoja) yoyote. Kontra yako inasimama juu ya sheria ya kawaida ya mikataba, ile dikri ya tarehe 30 Julai 1888. Maana yake kila usichoandika hakipo. Hakuna sheria itakayokuja kukujazia eneo lake ni lipi, muda ni miaka mingapi, nani anakagua, na siku kontra ikiisha jina linaondolewa ukutani kwa siku ngapi.

Jina linalindwa na sheria namba 82-001 ya tarehe 7 Januari 1982, na linasajiliwa Wizara ya Viwanda. RCCM, ile rejista ya biashara, haitoshi. RCCM inaonyesha kwamba wewe ni mfanyabiashara mwenye jina hilo kwenye rejista, haikupi haki ya alama kwenye bidhaa. Aliyesajili alama kwanza ndiye mwenye nguvu. Mtu wa Kolwezi akikutangulia wizarani, wewe wa Katuba ndiye utakayeomba ruhusa.

Na usisajili daraja moja, yaani kundi moja la bidhaa au huduma. Migahawa ni daraja la 43, viungo na sosi ni la 30, nyama ni la 29. Wengi wanalipia 43 peke yake. Halafu siku wanaanza kuuza sashe dukani wanakuta 30 iko wazi au imechukuliwa.

#8 Likasi_Panda
Aksanti Droit. Lakini si ni rahisi zaidi kusajili OAPI, ile ofisi ya alama ya nchi za Afrika iliyoko Yaoundé, mara moja, ukapata nchi zote 17 pamoja na sisi? OHADA na OAPI ni watu walewale.

#9 Kamalondo_Droit
Hapana ndugu, hapo watu wengi wanapotea na pesa yao inapotea pia. Kongo ya Kinshasa iko OHADA lakini haiko OAPI. Alama iliyosajiliwa Yaoundé hailindi kitu Lubumbashi. Na hatuko kwenye mfumo wa Madrid pia, kwa hiyo hakuna fomu moja ya kutoka Kongo hadi Zambia.

Ila iko njia. Kongo na Zambia zote ziko kwenye Mkataba wa Paris. Ukiweka ombi la alama hapa, una miezi 6 ya kuweka ombi lilelile Zambia, kwenye ofisi yao ya PACRA, na Zambia italihesabu kwa tarehe ya Kongo. Baada ya miezi 6 unakuwa mgeni kama wengine. Kwa Mbabula_Katuba maana yake hii: weka ombi Kongo kwanza, ndipo umjibu mtu wa Ndola. Usimtumie nembo kwa WhatsApp kabla ya hapo.

#10 Mzee_wa_Ruashi
Mnaongea sashe na alama, mimi narudi kwenye mahali. Mwenye fransizi akikasirika, anabadili kibao cha mlango, anabaki kwenye kona ileile na wateja walewale. Jina lako linabaki hewani. Anayeshika kontra ya nyumba ndiye anayeshika wateja wa michopo. Watu wanaenda kwenye moshi waliouzoea.

#11 Kamalondo_Droit
Mzee, uko sawa, lakini soma Acte uniforme ya sheria ya biashara kabla ya kumshauri kijana. Kodi ndogo, yaani kupangisha ulichopangishwa, imekatazwa isipokuwa kontra yako na mwenye nyumba inaruhusu. Ukikodi Likasi na kumpangisha mwenzako kimya kimya, mwenye nyumba anaweza kuwatoa wote wawili. Na kumbuka haki ya kuongezewa muda: mpangaji aliyefanya biashara mahali hapo angalau miaka 2 ana haki ya kuomba kontra iendelee. Jiulize mapema haki hiyo itakuwa ya nani, yako au ya mwenye fransizi.

Iko na njia ya tatu watu hawaitumii: location-gérance. Wewe unafungua kibanda, unakifanya kiwe biashara, halafu unampangisha mtu biashara nzima pamoja na mbabula (jiko la mkaa), viti na wateja. Acte uniforme inaisimamia vizuri kuliko fransizi. Masharti yake: lazima uwe umeendesha biashara hiyo kama mfanyabiashara kwa miaka 2 angalau, na kontra itangazwe gazetini. Mpaka tangazo litoke, madeni ya mpangaji yanakugusa na wewe. Vibanda vya Katuba na Kenya vinaweza kuingia hapo, kama vimetimiza miaka 2. Likasi hapana, hakuna biashara ya kupangisha bado.

#12 Kolwezi_Manika
Samahani, nyote mnatibu ugonjwa mwingine. Vibanda vya jina la watu vinavyofunguliwa Kolwezi havifi kwa sababu ya sashe au kodi ya nyumba. Vinakufa kwa mbuzi. Siku mgodi umelipa, kila mtu anataka michopo, bei ya mbuzi inaruka, na mwenye kibanda anapunguza gramu kwenye sahani badala ya kupandisha bei. Wiki 2 baadaye sahani ya gramu 250 ni gramu 180. Hakuna aliyeiba viungo, hakuna aliyebadili kibao, na jina limekwisha.

Dawa yake ni kontra kuandika uzito, siyo bei. Bei aiweke mwenyewe kulingana na soko la Kolwezi. Gramu 250 ziwe sheria, mizani ikae mezani mteja aione. Na ada ya fransizi ya Kolwezi isifanane na ya Likasi. Tuko mikoa miwili tangu 2015, Haut-Katanga na Lualaba, na kila mkoa una kodi zake. Yanayolipwa Likasi hayakufuati huku, na risiti ya Lubumbashi haikusaidii huku.

#13 Kampemba_Compta
Kolwezi_Manika amegusa kitu. Lakini angalia hesabu yangu ya #2: sahani ikishuka hadi gramu 180, sahani 60 ni kilo 10.8 zilizoiva, yaani kilo 16 mbichi na sashe 16. Mrabaha wako unashuka kutoka FC 36,300 hadi FC 26,400 wakati yeye anauza sahani zilezile kwa bei ileile. Kwa hiyo sashe inakuonyesha wizi wa gramu pia, ukiweka idadi ya sahani kando yake. Idadi ya sahani unaipata wapi? Kibanda kiwe na namba moja ya pesa ya simu, M-Pesa au Airtel Money, iliyofunguliwa kwa jina la biashara, na wewe uone miamala. Haitakuonyesha taslimu. Lakini uwiano wa simu na taslimu kwenye vibanda vyako 3 unaujua tayari. Kibanda cha Likasi kikionyesha uwiano wa ajabu, uliza.

Tenganisha fakturi. Sashe ni bidhaa, ina TVA (kodi ya ongezeko la thamani) yake ya 16%. Mrabaha wa jina ni kitu kingine kwa DGI (ofisi ya kodi), na kodi yake inakatwa kwa namna nyingine. Ukiviandika kwenye mstari mmoja, mkaguzi atachagua tafsiri inayokuumiza.

#14 Dada_BelAir
Sasa nimeelewa ya sashe, nakubali nusu. Bado sioni kibanda kitaendaje bila mtu aliyefundishwa. Viungo vilevile, mbuzi yuleyule, moto mbaya: umepoteza. Makala (mkaa) yakiwashwa na nyama ikawekwa wakati bado kuna mwali, mafuta ya mbuzi yanadondoka, moto unaruka, nje inaungua na ndani bado damu. Lazima makala yafunikwe na jivu jeupe kwanza, kama dakika 25 hadi 30, na wavu ukae sentimita 12 hadi 15 juu yake. Vipande viwe sawa, karibu sentimita 3. Nyama ilale na viungo usiku kucha kwenye baridi ya nyuzi 0 hadi 4. Umeme ukikatika, friji isiyofunguliwa inashika baridi saa 4 hivi, baada ya hapo ni barafu au tupa.

Haya yaandikwe kwenye karatasi moja ya plastiki ukutani, kwa michoro. Kitabu cha kurasa 60 hakuna atakayekisoma mbele ya mbabula. Na ada ya kuingia ilipie mafunzo: mpishi wa Likasi aje Katuba wiki 2, mpishi wako aende Likasi wiki 1 ya ufunguzi. Ukijumlisha nauli, chakula na mshahara wao, hiyo ndiyo ada yako ya kuingia ya kweli. Usichukue namba hewani.

#15 Fundi_Viungo
Dada umesema vizuri. Tofauti yetu ni moja tu: wewe unaamini mtu, mimi naamini sashe.

#16 Dada_BelAir
Sashe haigeuzi nyama, kaka.

#17 Kasumba_Transit
Ngoja nijibu ya Ndola, maana haijaguswa. Nyama usiivushe kabisa. Nyama mbichi ina vyeti vya mifugo pande zote mbili na baridi njiani, haikulipi. Ndola kuna mbuzi. Kinachovuka ni viungo peke yake.

Upande wetu unahitaji: RCCM, Id. Nat. (namba ya utambulisho wa biashara), NIF (namba ya mlipakodi), na namba ya kuingiza na kutoa bidhaa. Leseni ya kutoa bidhaa, ile modeli EB, inafunguliwa kwenye benki yako. Usiisahau, kwa sababu pesa ya Ndola inatakiwa irudi kwa benki hiyohiyo. OCC, ofisi ya ukaguzi wa bidhaa, wanachukua sampuli na kutoa cheti. Huduma ya karantini wanatoa cheti cha afya ya mimea kwa viungo vikavu. Halafu deklara wako (wakala wa forodha) anaingiza tangazo DGDA, ndiyo duane, yaani forodha. Wenye haki ya kuwa mpakani ni wachache: duane, OCC, uhamiaji wa DGM na usafi. Mwingine akikuomba pesa, omba karatasi ya huduma yake kwanza.

Upande wa Zambia: mpokeaji awe amesajiliwa ZRA (mamlaka ya kodi ya Zambia), lebo iwe kwa Kiingereza, na ionyeshe viungo kwa mpangilio wa uzito, uzito wa ndani, mtengenezaji, tarehe ya mwisho na namba ya kundi.

Sasa kosa linaloumiza. Fundi kasema chumvi iingie kwenye sashe. Viungo vilivyochanganywa peke yake vinaingia kwenye namba ya ushuru 0910.91. Ukiweka chumvi gramu 14 kwenye sashe ya gramu 35, hicho si kiungo tu tena, ni kitoweleo, na namba yake ni 2103.90. Ushuru ni tofauti na masharti ya ukaguzi ni tofauti. Watu wanatangaza 0910 kwa mazoea, duane ya upande wa pili wanafungua katoni, wanasoma lebo, wanaona chumvi ndiyo ya kwanza kwenye orodha, na mzigo unalala. Tangaza 2103.90 tangu mwanzo, na leseni, cheti cha OCC na fakturi ziseme namba hiyohiyo.

#18 Likasi_Panda
Lakini tangu tuingie Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, ushuru si umekwisha?

#19 Kasumba_Transit
Zambia haiko Afrika Mashariki, ndugu. Tuliweka saini tarehe 8 Aprili 2022 na kuwa wanachama kamili tarehe 11 Julai mwaka huohuo, lakini jumuiya hiyo inakusaidia kuelekea Gisenyi au Kigoma, siyo Ndola. Na SADC, jumuiya ya kusini mwa Afrika, tuko pamoja na Zambia, lakini Kongo haijaingia kwenye eneo huru la biashara la SADC. Mlango wako ni COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika.

Na COMESA wanataka asili. Pilipili, tangawizi na kitunguu saumu vikilimwa Kongo au Zambia, hakuna tatizo. Pilipili manga na unga wa vitunguu vikitoka Asia, angalia: vifaa kutoka nje ya COMESA visipite 60% ya gharama ya vifaa vyote, au thamani uliyoongeza ifike 35% ya bei ya kiwandani. Kuchanganya tu viungo vilivyotoka nje hakukupi asili. Weka fakturi za ununuzi wa kila kiungo kwenye faili moja, maana wanaweza kuziomba baada ya mzigo kupita.

#20 Bukavu_Nyawera
Salamu kutoka Kivu. Mnahangaika na unga, kwa nini msiuze sosi ya pilipili kwenye chupa? Mteja wa Ndola anaona jina lenu dukani kabla kibanda hakijafunguliwa. Kuna jambo moja tu la kushika, asidi. Sosi iwe chini ya pH 4.6, na kwa usalama lenga 4.0, kwa siki au maji ya ndimu. Juu ya hapo, bakteria ya botulini inaweza kuota ndani ya chupa iliyofungwa, na haina harufu. Kipimo cha pH kisawazishwe kila asubuhi kwa maji ya 4.01 na 7.00. Jaza ikiwa na joto la nyuzi 85 au zaidi, funga, geuza chupa kichwa chini dakika 3 ili mfuniko upate joto pia. Pima pH tena kesho yake, siyo wakati wa moto: vipande vya kitunguu vinachelewa kunywa asidi, na namba inaweza kupanda usiku.

#21 Kipushi_Kiwanda
Nyawera, yote kweli, ila chupa ya kioo inakula faida njiani. Sashe za kilo 22 za nyama zinaingia kwenye mfuko wa mkononi. Chupa za thamani hiyohiyo ni katoni nzima, na barabara ya kwenda Kolwezi ni kilomita 300 hivi.

#22 Bukavu_Nyawera
Weka kwenye plastiki ya PET basi, lakini PET ya kawaida inajikunja kwa joto hilo. Ni chupa maalumu za kujaza moto.

#23 Mbabula_Katuba
Aksanti sana wote. Nimeandika: ombi la alama kwanza, madaraja 43, 30 na 29. Mizani mezani. Karatasi moja ya moto. Bado sijaamua kati ya Mzee na Compta. Na kwa Ndola, bei ya sashe niiweke wapi, mlangoni Katuba au mkononi kwake? Yeye anataka nimuuzie kwa EXW, yaani achukue mzigo mlangoni kwangu.

#24 Mzee_wa_Ruashi
Kijana, Katuba shika nyumba mwenyewe. Likasi amua ukishaenda kuona kona yenyewe.

#25 Kasumba_Transit
EXW usikubali. Kwa EXW mnunuzi ndiye anayetakiwa kufanya forodha ya kutoa bidhaa Kongo, na yeye hana RCCM wala leseni ya EB hapa. Mzigo utatoka kwa jina la nani? Andika FCA Kasumbalesa: wewe unamaliza karatasi za Kongo na kumkabidhi msafirishaji wake, yeye anabeba Zambia na TVA yao. CIF msiandike, hiyo ni ya meli.

Anza na katoni moja yenye makaratasi yote kamili, ili duane za pande zote zijue bidhaa kabla hujatuma nyingi. Malipo nusu kabla ya kutoka, nusu akionyesha tangazo la ZRA.

#26 Kamalondo_Droit
Na kwenye kontra ya Ndola weka usuluhishi, siyo mahakama ya Lubumbashi. Zambia haiko OHADA, hukumu yetu ikifika kule utaanza upya. Lakini nchi zote mbili ziko kwenye Mkataba wa New York wa usuluhishi, na Kongo iliingia mwaka 2014, kwa hiyo uamuzi wa msuluhishi unaweza kutekelezwa huko. Lugha ya kontra: Kifaransa na Kiingereza, na sema ipi inashinda zikipingana.

#27 Kolwezi_Manika
Mbabula, mtu wako wa Kolwezi anakaa upande gani, Dilala au Manika? Bei ya mbuzi si moja, na kabla ya kumwandikia gramu 250 inafaa tuipime kwanza kwa soko lake la siku ya mishahara.